Baiskeli ya Stima ya Mama Elsie

Dirisha la sebule ya Phelister lilitazama ukuta. Jengo la ploti ya jirani lilisimama karibu kiasi kwamba mwanamke wa upande wa pili akianika soksi, maji yalidondoka kwenye kingo za dirisha la Phelister. Jua lilifika pale saa sita mchana, likakaa kidogo, likaondoka. Wapangaji wengi wa mtaa huu wa Pipeline, Nairobi, hawakulijali hilo kwa sababu walitoka alfajiri na kurudi jioni kulala tu. Phelister alikuwa pale kutwa nzima, na mumewe Okinyi naye.

Walipohamia gorofa ile ya tano, ngazi hazikuwa neno. Okinyi alikuwa fundi katika karakana ya reli, mtu wa mwili, aliyepandisha mtungi wa gesi begani huku akipiga mluzi. Kisha asubuhi moja akinyoa ndevu, wembe ukamponyoka, na mkono wa kulia ukakataa kuuokota. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa hospitalini, na siku ya kurudi alipandishwa na wanaume wanne juu ya kiti cha plastiki. Majirani walijibana ukutani kuwapisha, watoto wakachungulia kupitia vyuma vya ngazi. Alipofikishwa sebuleni alisema, kwa ulimi wake uliokuwa mzito, kwamba hatabebwa tena kama gunia la makaa. Tangu hapo hakuvuka mlango.

Phelister naye akafungika. Hakuna aliyemwambia asitoke. Lakini mtu wa kugeuzwa kitandani, wa kulishwa, wa kupelekwa chooni, huachwa na nani? Alishuka kuchota maji mifereji ya nyumbani ikikauka, akashuka kwa Abdijabar mwenye duka chini ya ploti kununua unga, akapanda. Akikawia kidogo tu kwenye ngazi kuzungumza na mtu, alisikia sauti kutoka juu ikiita, "Nyar Alego," binti wa Alego, jina alilomwita tangu siku za uchumba wao. Zamani jina hilo lilimfanya acheke. Siku hizi lilimkaza mabega.

Jirani wa mlango wa pili, Warigia, mjane wa kutoka Murang'a aliyeshona sare za shule nyumbani kwake, ndiye aliyemsukuma kwenda kliniki alipomwona ameshika kichwa kwa siku kadhaa. "Nenda, Mama Elsie. Mimi nitakaa na mzee. Ukianguka wewe, nani atawaokota nyinyi wawili?"

Muuguzi alimpima, akatikisa kichwa. Presha ilikuwa juu, na uzito pia.

"Mama, unafanya mazoezi?"

"Napanda ngazi."

"Na ndoo ya maji mkononi?"

"Mara nyingi."

"Hayo si mazoezi, ni mateso. Magoti yanasemaje?"

"Yanalia."

Muuguzi akamwambia mwili unataka mwendo mrefu usioumiza, wa kumtoa jasho na kumrudishia pumzi. Atembee. Au kama magoti yanagoma, atafute baiskeli, maana juu ya baiskeli uzito unabebwa na kiti. Phelister alicheka, akachukua dawa zake, akarudi kwake.

Alimsimulia bintiye kwenye simu kama kichekesho. Elsie, aliyefanya kazi Naivasha kwenye shamba la maua, hakucheka. Mwisho wa mwezi uliofuata alifika Pipeline na pikapu, na nyuma yake baiskeli ya kijivu yenye fremu nene na matairi mapana. Mwenzake kazini alikuwa amehamishwa akaiuza.

"Ni ya stima," Elsie akasema wakiwa pale chini, watu wameanza kuwazunguka. "Lakini si pikipiki, Mama. Usipokanyaga, haiendi. Ukikanyaga, mota inakuongezea nguvu. Hapa kwenye usukani unachagua ikusaidie kidogo au sana."

"Mimi na umri huu, nipande baiskeli Pipeline?"

"Si wewe uliyetuambia ulikuwa unaendesha ya babu mpaka shuleni Ng'iya?"

Ilikuwa kweli. Phelister alishika usukani, akauona mzito, akauona pia umemkaa vizuri mkononi.

Baiskeli yenyewe isingepanda gorofa ya tano. Abdijabar akakubali ifungwe kwa mnyororo kwenye stoo ya duka lake. Betri ndiyo iliyochomolewa na kupandishwa juu ichajiwe, na soketi ya pekee iliyokuwa wazi ilikuwa karibu na kiti cha Okinyi. Okinyi aliitazama betri ile, akamtazama bintiye.

"Baiskeli ya kusaidiwa," alisema polepole, akivuta kila neno. "Ni ya watu wavivu."

"Baba, muuguzi alisema..."

"Nimesikia."

Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani, Phelister alivaa suruali ndani ya rinda, akaisukuma baiskeli hadi kwenye njia ya waendao kwa miguu kando ya barabara ya Outering. Mara ya kwanza aliyumba akakanyaga chini. Mara ya pili akakanyaga pedali, na mota ikaamka kwa mlio mdogo, ikamsukuma mgongoni kwa upole, kama vile mtu anavyomsaidia mwenzake kupanda ukingo. Akapita kibanda cha mahindi. Akapita kituo cha mafuta. Magoti yalizunguka bila kulia. Vijana waliokaa juu ya ukuta wakampigia kelele za kumshangilia, "Niaje, mathe. Hiyo ngoma ni moto," naye hakujibu kwa sababu alikuwa akiogopa kupumua vibaya. Alipogeuza kurudi alikuwa ametoka jasho hadi kwenye nyusi. Uvivu gani huu, alijiuliza, unaolowesha nguo.

Kumtuliza Okinyi, alianza na safari ya soko la Burma. Enzi za karakana, Okinyi na wenzake walikuwa wakila supu ya mifupa katika soko lile kila siku ya mshahara, na tangu augue alikuwa akisema supu ya Pipeline ni maji ya kuoshea sufuria. Phelister akamwambia atamletea mifupa kutoka Burma kwenyewe. Okinyi akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa ruhusa.

Basi mara mbili kwa juma Warigia alihamishia cherehani yake sebuleni kwa Phelister, akashona huku akimwangalia mgonjwa, na Phelister akashika Outering hadi Donholm, kisha Jogoo Road. Kwenye msongamano, magari yaliposimama pua kwa mkia, yeye alipita pembeni. Alipochoka alibonyeza mota imsaidie zaidi, alipopata nguvu akaipunguza. Alirudi na mifupa kwenye kikapu na uso uliopigwa na upepo. Alilala usiku bila kuamka amekaza meno. Alipokwenda kliniki, muuguzi alimpima mara mbili, kisha akamuuliza amebadilisha nini.

Lakini usidhani alikuwa huru. Simu iliita. Alipofika Tassia iliita. Alipofika Donholm iliita. Okinyi alikuwa na mkono wa kushoto, na mkono huo ulijua namba moja tu.

"Uko wapi?"

"Donholm."

"Bado?"

Akiwa kwa mwuza nyama, mifupa ikipasuliwa, iliita tena. Akaanza kukanyaga kwa kasi wakati wa kurudi, si kwa afya wala kwa raha, bali kwa hofu ya uso utakaompokea. Okinyi alikula ile supu akiwa ameutazama ukuta. Siku moja alisema, bila kugeuka, "Ukirudi unanukia barabara." Phelister alikwenda kunawa mikono, akakaa chooni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu choo ndicho kilichokuwa chumba pekee chenye komeo.

Halafu ikaja ile siku ya mvua. Asubuhi alikuwa na haraka. Alipiga pasi shati la Okinyi kwenye soketi ya redio, akachomoa betri, akashuka, akaondoka bila kutazama taa za betri zinazoonyesha chaji. Alifika Burma salama. Wakati wa kurudi, karibu na Donholm, mlio wa mota ulififia, ukakata. Baiskeli ikawa chuma kitupu. Manyunyu yakaanza.

Chini ya daraja la Donholm kulikuwa na fundi wa baiskeli, Ndolo, aliyetandaza vifaa vyake juu ya gunia. Aliipima betri kwa mita ndogo, akairudisha.

"Haina kasoro, mathe. Ina njaa tu. Uliichaji?"

"Jana jioni. Imelala kwenye chaji."

"Basi stima ilipotea kwenu."

Stima haikuwa imepotea. Asubuhi ile ile alikuwa amepiga pasi. Phelister alisimama akiishika betri kwa mikono miwili, na polepole akaiona ile soketi, swichi yake, na mkono mmoja mzima ulioweza kuifikia bila hata kunyanyuka kitini.

Simu ikaanza kuita mfukoni. Akaiacha iite.

"Utaisukuma mpaka wapi?" Ndolo akamuuliza. "Ipakie kwenye mkokoteni."

"Nitakanyaga."

"Hii ni nzito bila mota."

"Nimekwambia nitakanyaga."

Alikanyaga kwa hasira hadi barabara inapotelemkia mtoni, na pale alipotazama kilima cha upande wa pili akajua kwamba hapo ndipo atashuka asukume. Akachagua gia nyepesi. Mvua ilimpiga usoni. Mapaja yakawaka moto, kifua kikapanda na kushuka, malori yakamrushia maji. Alingoja magoti yalie, hayakulia. Alingoja kichwa kizunguke, hakikuzunguka. Aliposikia njia imelala sawa chini ya matairi, aligeuka akatazama alikotoka, na hakuamini. Miezi ile yote aliyodhani mota ndiyo iliyombeba, miguu yake ilikuwa ikifanya kazi. Alilia kidogo pale kileleni, kwani kwenye mvua nani atajua.

Alipanda ngazi za gorofa zote tano bila kupumzika. Mlango ulikuwa wazi. Okinyi alikuwa sakafuni kati ya kiti na dirisha, Warigia amempigia magoti, amemshika kwapani.

"Nilikwenda tu kuteka maji," Warigia akasema. "Nimerudi nimemkuta hapa. Alitaka kufika dirishani."

Walimwinua pamoja. Kiwiko kilikuwa kimechubuka, mengine yalikuwa mazima. Warigia alikusanya vitambaa vyake, akatoka akavuta mlango nyuma yake. Phelister alileta maji ya uvuguvugu, akaanza kukisafisha kiwiko. Nguo zake zilidondosha maji sakafuni.

"Uliizima ile swichi?" aliuliza.

Okinyi akageuza uso kuelekea ukutani.

"Baba Elsie, nimeuliza."

"Niliizima."

"Kwa nini?"

"Nilitaka usifike mbali."

"Ningegongwa barabarani je?"

"Ndiyo maana nilikwenda dirishani." Mdomo wake ulipinda. "Dirisha hili halioni barabara. Nilisahau."

Phelister akaweka kitambaa chini. Maneno aliyoyameza kwa miaka yalikuja yenyewe, na alishangaa kwamba yalikuja bila kelele. "Mimi pia nimefungwa humu. Nakulisha, nakuosha, nakugeuza. Sijakataa. Lakini nikitoka kwa saa mbili tu nipumue, unanivuta kama mbuzi wa kamba. Mimi sikukuletea ugonjwa huu."

"Wewe una miguu."

"Ninayo. Unataka niikate?"

Mwanamke wa ploti ya pili alikuwa anaanua nguo zake, wakamsikia akilalamikia mvua. Okinyi ndiye aliyesema kwanza.

"Hata mimi nataka kunukia barabara."

"Ulikataa kubebwa."

"Nilikataa kubebwa. Sikukataa kutoka."

Usemi huo ulimkaa Phelister. Juma lililofuata, mifupa ya Burma ilisubiri. Alimwambia Okinyi wazi anakwenda wapi na kufanya nini: anakwenda kutafuta nyumba ya chini. Kwa miguu asingeweza, magoti yasingemfikisha, na madalali walitaka kumwonyesha gorofa tu. Kwa baiskeli aliingia vichochoro vya Umoja, akapita Manyanja Road, akauliza kwenye vibanda vya mboga, akagonga mageti. Nyingi zilikuwa zimeshachukuliwa. Moja ilikuwa na ngazi mlangoni. Mwenye nyumba nyingine alisema hataki wagonjwa, watamfia. Alirudi jioni baada ya jioni na jibu moja. Simu iliendelea kuita, ila swali lilikuwa limegeuka.

"Umepata?"

"Bado."

Aliipata Kayole, nyuma ya Spine Road, kwenye ploti ya vyumba vya mabati na mawe vilivyozunguka ua wa simiti. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo aitwaye Triza, alikuwa akichambua mchele mlangoni pake.

"Ni chumba kimoja na jikoni," Triza akasema. "Kina giza, nisikufiche. Choo kiko pale, cha wote."

Phelister alikuwa akikitazama kizingiti. Kilikuwa sawa na ua, hata gurudumu la toroli lingepita.

"Mzee wangu hatembei."

"Anapiga kelele?"

"Ananipigia mimi tu."

Triza akacheka, akampa ufunguo atazame ndani.

Kilibaki kitu kimoja, na hakikuwa na njia ya mkato. Kutoka gorofa ya tano Okinyi alipaswa kubebwa. Usiku wa kuamkia siku ya kuhama hakula. Asubuhi wanaume wanne wa ploti walifika, wakamfunga kwenye kiti kwa leso mbili za Warigia ili asiteleze. Aliyafumba macho kabla hawajavuka mlango. Phelister alitangulia kinyumenyume, mkono wake juu ya goti la mumewe, akimtajia kila wanapofika: hapa ni kona, hapa ni kwa Warigia, hapa mtoto ametupa ndoo, subiri. Okinyi hakuyafumbua macho mpaka alipoona mwanga mwekundu kupitia kope. Akakaa kwenye kiti chake katikati ya matope ya Pipeline, pikipiki zikimpigia honi, akitazama juu, kule alikoishi.

Warigia hakushuka hadi kwenye pikapu ya kuwahamisha. Alisimama kwenye ngazi za kwanza, akasema cherehani yake itakuwa na kimya kingi sasa, kisha akarudi juu haraka.

Kayole hakukuwa peponi. Chumba kilikuwa na giza kama Triza alivyosema, na walipoweka kitanda, kabati halikuwa na pa kukaa. Choo cha wote kilikuwa mtihani wa kila siku. Phelister bado aliamka kumgeuza mtu, bado alimwosha, bado mgongo ulimuuma. Lakini kila asubuhi alimsukuma katika kiti cha magurudumu alicholeta Elsie walipohamia, wakatoka hadi uani, na Okinyi akaketi juani akigombana na mafundi waliokuwa wakipaka rangi geti, jinsi wanavyoshika brashi.

Siku ya pili huko Kayole Phelister alitoa baiskeli ndani ya chumba. Okinyi alikuwa hajawahi kuiona. Kule juu aliona betri tu. Aliitazama kwa muda mrefu, akamwashiria aisogeze, akaipapasa fremu kwa mkono wa kushoto.

"Hebu panda," alisema.

"Hapa uani?"

"Nikuone."

Phelister akazunguka kamba za nguo mara mbili, watoto wa ploti wakimkimbilia nyuma. Okinyi hakucheka, wala hakusema kitu juu ya wavivu. Alisema tu kwamba mnyororo umelegea, atafutiwe spana.

Siku hizi Triza humwangalia mzee asubuhi, na Phelister huenda. Hana tena sababu ya Burma, hivyo huenda popote. Juzi alishika Spine Road hadi Kangundo Road, akavuka, akaendelea mpaka karibu na Njiru, mahali ambapo ploti zinaanza kuachana, na upepo unakuja mpana. Alisimama pale kwa mguu mmoja. Betri ilikuwa imejaa, miguu ilikuwa na nguvu. Barabara ilielekea Ruai, na baada ya Ruai, Kangundo, na watu wasiomjua. Alisimama pale hadi mwanamume mmoja akamuuliza kama ameharibikiwa. Akasema la. Akageuza usukani.

Alipofika, Okinyi alikuwa amelala kitini, kidevu kifuani, mate yamelowesha kola. Phelister akamfuta. Mzee akafungua macho.

"Umefika wapi leo?"

"Njiru."

"Kukoje?"

Akamweleza: ng'ombe waliovuka lami, nyumba mpya zisizo na mapaa, mwanamke aliyekuwa akiuza miche ya parachichi, kilima kilichomtoa jasho. Okinyi alisikiliza akiwa amefumba macho, akauliza rangi ya udongo, akauliza kama reli inaonekana kutoka huko. Kwamba alisimama barabarani bila kutaka kurudi, hilo hakumwambia. Alichomoa betri, akaiweka kwenye chaji, akaanza kumenya viazi.